Kamba za Mkonge Mbele ya Kioo

"Fungua viganja," Aldemar alisema.

Luz Dary alidhani ni zawadi. Harusi yao ilikuwa Jumamosi, na wanaume hupatwa na mambo wiki ya mwisho. Akafungua viganja huku akicheka. Aldemar akamwekea ndege mdogo wa buluu, bado ana joto, shingo imelegea.

"Amejigonga kwenye ukumbi wako."

"Ukumbi wetu."

"Nilikuomba uning'inize kamba mbele ya vioo, ndege wavione. Nilikuomba kabla hata fundi hajaleta kioo cha kwanza."

"Na mimi nikakwambia, hakuna mtu atakayepanda mlima huu kuja kukodi banda la kuku. Wanakuja kuona bonde, Aldemar."

Ukumbi huo ulikuwa kazi ya kwanza ya Luz Dary tangu awe msanifu majengo. Aliujenga juu ya shamba la kahawa la kina Aldemar: paa la mianzi, maji ya mvua ya kuoshea vyombo, ukuta mzima wa kioo, na hakuna mti hata mmoja uliokatwa. Hilo la miti alijivunia kuliko yote. Sasa miti ile ile ilionekana ndani ya kioo, na ndege waliifuata.

"Anayewaua ni mama yako," akaropoka. "Ubao wake wa kulishia ndege ndizi uko pale pale mbele ya kioo. Yeye awaite, lawama nibebe mimi?"

Aldemar alimchukua ndege kutoka mikononi mwake, taratibu.

"Mimi sifungi ndoa humo ndani," alisema, akaondoka.

Katika maneno yote hayo, Luz Dary alisikia moja tu: sifungi. Alishuka mjini kwa dada yake, akalia mpaka kope zikavimba, kisha akatuma ujumbe:

"Huutaki ukumbi, au hunitaki mimi?"

Aliona kwamba umesomwa. Jibu halikuja.

Asubuhi simu ikaita. Alikuwa doña Fabiola, mama yake Aldemar.

"Binti, huyu mtu wako hajagusa arepa, mkate wangu wa mahindi, tangu jana. Umemfanya nini?"

"Nilisema ubao wako ndio unaoua ndege, doña Fabiola. Unisamehe, lakini..."

"Ubao wangu? Ubao wangu umekaa kwenye dirisha la jikoni tangu nilipoolewa. Naweka ndizi mbivu, ndege wanakula, mimi nakunywa kahawa yangu. Aliyeung'oa akaupeleka huko ni huyo mtu wako."

"Kwa nini?"

"Si wewe uliyemwambia unataka siku ukisema ndiyo, ndege wawe wanakutazama?"

Luz Dary akaketi kitandani. Alikuwa amesema hivyo, kweli, siku moja wakichuma kahawa pamoja, maneno ya kupita tu. Yeye alikuwa ameshayasahau. Aldemar aliyaweka moyoni.

"Uko hapo, binti?"

"Nipo."

"Basi sikia. Hasira zile hazikuhusu wewe peke yako. Nyingi anajikasirikia mwenyewe."

Luz Dary hakusubiri hata chai. Alipita sokoni, akanunua kamba nyembamba za mkonge, zile za kushonea magunia ya kahawa, akapanda jipu la kwanza lililokuwa linakwenda mlimani.

Aldemar alimkuta juu ya ngazi, anazining'iniza kamba nje ya kioo kutoka ukingo wa paa hadi chini, moja baada ya nyingine, zikiachana upana wa kiganja.

"Shuka, utaanguka."

"Nipe kamba nyingine."

Akampa.

"Hukujibu ujumbe wangu," Luz Dary alisema bila kugeuka.

"Niliandika nikafuta. Nikaandika tena. Ningesema nini? Nimekulaumu kwa vioo, kumbe aliyewaita ni mimi. Nilitaka ufurahi, sikuwaza zaidi ya hapo."

"Na mimi nilitaka watu waseme Luz Dary anajua kujenga." Akakaza fundo. "Kilikuwa kiburi tu, mpenzi. Nisamehe."

"Ubao nimeshaurudisha jikoni."

"Hilo halitoshi peke yake. Miti bado inaonekana kwenye kioo. Lazima waone kuna kitu kinachowazuia."

"Yaani sasa unanifundisha nilichokuomba mimi?"

"Nyamaza. Shika ngazi."

"Na banda la kuku?"

"Basi mimi na wewe ni kuku. Shika ngazi, Aldemar."

Akaishika. Akaegemeza na paji la uso kwenye mguu wa Luz Dary, akakaa hivyo kwa muda, na kazi ikasimama kidogo.

Jumamosi bonde lilionekana vizuri tu kupitia kamba, zikitikisika kwa upepo. Doña Fabiola alikaa mbele, anafuta macho na kudai ni mafua. Mfungishaji ndoa alipomgeukia Aldemar na kumuuliza kama anamkubali Luz Dary, ndege wa buluu alichomoka kwenye mibuni na kuja moja kwa moja kuelekea kwenye kioo. Aldemar alifumba macho.

Luz Dary hakufumba. Alimwona ndege anazifikia kamba, anainama upande mmoja, anapanda juu ya paa na kupotea.

"Amegeuka," alimnong'oneza.

"Kweli?"

"Fungua macho uone."

Akafungua. Hakutazama kioo, alimtazama yeye.

"Ndiyo," alisema, "namkubali."