Kufuli Kwenye Picha ya Maua

Wewe unayesoma, usijifanye hujui. Umewaona wanawake wamezama ziwani hadi kiunoni, waking'oa magugu maji yaliyochanua ili mitumbwi ipite. Ukasema, "Maua mazuri," ukaenda zako. Hata Kija wa darasa la sita alitazama tu, na aliyekuwa majini ni mama yake.

Kila Jumamosi asubuhi Kija alikaa juu ya jiwe, pale mwaloni Ilemela, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, akimtazama Dada Rebeka, mchoraji wa rangi za mafuta aliyependa kuchora wanawake na ziwa. Mwezi mzima Rebeka alimchora mama yake Kija, Ng'washi, amesimama kati ya maua ya zambarau. Rebeka mwenyewe alikuwa nchi kavu, tena kavaa mabuti ya mpira.

"Usisogee, mama Kija. Mwanga umekaa vizuri."

"Nisogee niende wapi, na tope limenishika?"

Wakacheka. Kija hakucheka. Shuleni walishafundishwa kichocho: mtu akijisaidia ufukweni, konokono hubeba vijidudu, kisha vijidudu hupenya ngozi ya aliye majini. Na mama alishamnong'oneza kwamba tumbo linamuuma na anapata choo chenye damu. "Usimwambie mtu," alisema.

Choo cha mwalo kipo. Kilizinduliwa kwa ngoma na pilau, kikapigwa kufuli siku hiyohiyo. Miaka miwili na miezi minne sasa, watu wanajisaidia kwenye matete.

Kija alinyamaza kwa sababu nyingine pia. Rebeka alikuwa amemwahidi kumchora naye, kando ya mama yake. Mama akitoka majini, picha imekufa.

Jumamosi ya nne Ng'washi aliyumba, akashika tumbo.

"Dakika kumi tu, mama," Rebeka alisema.

Kija akasimama. "Mama, toka majini."

"Kija, adabu yako iko wapi?" mama yake alimkemea.

"Anaumwa, dada. Anapata choo cha damu. Mimi nilijua nikanyamaza, nikitaka picha. Na wewe mwezi mzima unamtazama, hujamuuliza hata mara moja kama ni mzima."

Rebeka akashusha brashi. "Ni kweli, mama Kija?"

"Mtoto ameshasema," Ng'washi alijibu taratibu.

Kituo cha afya walimpima. "Hiki kichocho si cha jana," daktari alisema, akampa vidonge. Kija naye akapimwa. Njiani Rebeka alivua mabuti yake, akampa Ng'washi, akarudi pekupeku.

Rangi za mafuta hukauka polepole. Rebeka alikwangua maua ya upande mmoja, akachora choo na kufuli lake, kutu na yote. Jumatatu akaisimamisha picha mwaloni.

Dorcas, muuza dagaa, aliitazama sana. "Kufuli limenenepa kuliko sisi," alisema. "Lenyewe halijawahi kusimama ziwani."

Wanawake walicheka. Wakaibeba picha hadi kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Mwenye ufunguo amesafiri," alisema.

"Miaka miwili? Basi tutamsubiri hapahapa," Dorcas alimjibu, wakakaa chini wote.

Kabla ya saa tisa ufunguo ulipatikana. Ulikuwa kwenye droo ya mwenyekiti mwenyewe.

Jioni Ng'washi alimwita binti yake. "Nilikuambia unyamaze. Nilikosea. Siku nyingine ukiona mtu anaumwa, sema, hata kama ni mimi niliyekukataza. Na usikubali kuhongwa kwa picha."

Sasa wewe. Funga kitabu. Nenda kaangalie choo cha shule yenu, cha soko lenu, cha mwalo wenu. Kama kina kufuli, uliza ufunguo uko kwa nani. Uliza leo, na usiondoke mpaka uuone.