Karibu ya Skolastika

Haya yalimpata rafiki yangu Skolastika enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, alipokuwa akiotesha seli za migomba ya Kinole katika maabara moja ya Morogoro. Madukani kulijaa kila kitu isipokuwa jeli ya kuoteshea, na hata ile kidogo aliyoihangaikia iliishia kuliwa na ukungu. Chupa moja tu ya seli ilisalimika.

Mchana mmoja aliifuata kwenye chumba cha mlango wa mbao, kisicho na dirisha. Alipoishika tu, umeme ukakatika. Gizani kioo kikagongwa, ngo, ngo, ngo.

“Karibu, Elia, kwani mlango umefungwa?” akafoka.

Kugonga kukakoma. Elia, mwenzake wa kazi, akaitikia kwa mbali, kutoka uani: “Dada, unamkaribisha nani?”

Umeme ukarudi. Chupa ilikuwa bado mkononi, kizibo cha pamba kimefungwa uzi vilevile, na ndani hamkuwa na kitu.