Mchumba Wangu Alizima Pare-feu Zote

Nina miaka thelathini na sita, na siku hizi silii tena. Kanisani wanasema nimepata nguvu... Nguvu gani? Nimekufa ganzi tu!

Nilikuwa na ofisi ndogo mbali na nyumbani, karibu na kampasi ya Kasapa, ya kuchapia wanafunzi wa chuo kikuu kazi zao. Kompyuta nne, printa moja. Vita ilipoingia kwetu Goma, duka la baba likaporwa na simu zikakatika. Mdogo wangu Neema alikuwa mwaka wa mwisho, anakaa kwangu. Diplome yake ndiyo tumaini pekee lililokuwa limebaki kwa familia nzima.

Kompyuta zangu zilikuwa hazionani. Kila kazi niliibeba kwa flash hadi kwenye ile yenye printa, huku wanafunzi wakilalamika. Trésor, mchumba wangu, ni fundi wa informatique, mambo ya kompyuta. Wajomba walishapokea vinywaji vyake vya kujitambulisha.

Akasema tatizo ni pare-feu, ule ukuta wa ndani ya kompyuta unaozuia wageni. Ilitosha kufungua njia ya printa peke yake. Yeye akazizima zote, akaacha mafolda yangu wazi... kwenye wifi ile ile tunayompa kila mwanafunzi anayesubiri kwenye benchi nje! Printa ikafanya kazi, nami nikapiga vigelegele. Niliuliza swali gani? Hakuna.

Tangu hapo Trésor akawa anakuja na kompyuta yake, anakaa benchi, ananingoja. Nikafikiri ni mapenzi.

Siku Neema alipopeleka mémoire yake, ile kazi ya kumalizia chuo, alirudi midomo imemkauka.

“Yaya, dada yangu, kazi yangu iko kule tayari... na jina ya muntu mwingine!”

Profesa alimwamini aliyetangulia. Nani angemtetea mdogo wangu, kama si mwizi mwenyewe? Mémoire hiyo ilikuwa kwenye mafolda yangu, na aliyejua kwamba yako wazi alikuwa mmoja tu. Nilimwendea Trésor, nikampigia magoti aje kusema ukweli. Hakukana hata kidogo!

“Si njo weye ulisema mashini zionane?” akacheka. “Niliuzisha moja tu. Hii vita, miye pia niko na njala.”

Kwa profesa alikataa kwenda. Neema akafutwa chuoni, akaitwa mwizi wa kazi yake mwenyewe. Hakunitukana. Alikunja nguo zake akaondoka, nami nikarudi kwenye kiti nikaendelea kuchapa. Sikuhisi kitu... Hata pete ya Trésor niliirudisha kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Dada zangu mnaosoma haya, nawasihi! Fundi akikwambia amemaliza, hata kama ni mpenzi wako, mwambie akae. Akuonyeshe amefungua nini, na nani anaweza kuingia. Usione haya kuuliza, mapenzi hayafi kwa swali.

Neema sasa anauza samaki wakavu wa Pweto sokoni. Nikifika mbele ya meza yake ananipimia vizuri, anafunga, ananipa... kisha anamgeukia mteja mwingine.