Kidole Kilichoacha Kuuma

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo: shangazi aligusa pasi ya moto na hakushtuka.

Madobi hupima pasi kwa kidole. Unalowesha ncha, unagusa chuma haraka, na ikilia "tsss" unajua moto umetosha. Kidole huenda na kurudi kama kuku anayedonoa. Asubuhi ile kidole cha shangazi kilikwenda, pasi ikalia, lakini hakikurudi. Nilisikia harufu ya ngozi inayoungua kabla yeye hajakiondoa.

"Unanitolea macho ya nini?" akafoka. "Nimeota pembe?"

Nikainamia beseni langu la soksi. Nilikuwa darasa la sita, na soksi zilikuwa kazi yangu kabla ya shule na baada ya shule, tangu baba aliponiacha kwa dada yake huyu. Katika chumba kile cha dobi hapakuwa na jibu zuri. Ukisema, una mdomo. Ukinyamaza, una kiburi. Mimi nilichagua kiburi.

Asiyeogopa alikuwa Redio, dada aliyetusaidia kukamua mashuka ya nyumba za wageni. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumzima.

"Kidole cha bosi ni chuma," akasema. "Chuma kwa chuma, nani atalia?"

"Kimekomaa," shangazi akajibu kwa majivuno. "Kilinisumbua hiki! Kilivimba, kikapwita, nikakosa usingizi. Nikakikazia mpira, sasa kimya. Kazi humkomaza mtu, si kama hawa watoto wa madaftari."

Mpira wenyewe ulikuwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Dawa ya kung'arisha mashuka hupasua ngozi, na shuka lililolowa huteleza mikononi. Shangazi alikuwa amekizungusha kipande hicho kwenye kidole cha shahada, juu ya ufa, ili dawa isiingie na shuka lisimponyoke. Kikilegea, alikikaza. Hata kulala alilala nacho.

Juma lile mwalimu wa sayansi alikuwa ametufundisha kubonyeza kucha. Ukibonyeza inapauka, ukiachia rangi inarudi, kwa kuwa damu inapita. Darasa zima tulibonyezana kucha mpaka kengele ikalia.

Nilipotoka shule, shangazi alinirushia pembe ya shuka tulikamue pamoja. Vidole vyetu vikagusana. Kile kimoja kilikuwa baridi kuliko maji. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikaibonyeza kucha yake. Haikupauka, wala haikurudisha rangi yoyote. Ncha yote ilikuwa nyeusi, kavu kama kijiti cha kiberiti kilichoungua.

Shuka likaniponyoka, likaangukia sakafu chafu.

"Mpumbavu! Shuka safi hilo!" Kofi likatua shavuni. "Unanichezea vidole, mimi rika lako?"

"Shangazi, kidole ni baridi," nikasema, sauti nyembamba kama uzi. "Hakipati damu. Nadhani kimekufa."



"Unaniapiza!" shangazi akapaza sauti. "Unakula kwangu, unalala kwangu, halafu unanitabiria kifo kipande kwa kipande? Toka! Usitie mguu humu!"

Mlango ulikuwa wazi, nami nilitamani sana kutoka. Nikashika mwimo wake nikasema, "Dada Redio, tafadhali, kiguse wewe."

Redio akakigusa huku amekwisha kutengeneza mdomo wa mzaha. Mzaha ukamfia mdomoni. "Mama wee! Kama samaki wa kwenye barafu." Akatwaa mkasi, na shangazi akiwa bado anatukana, akaukata ule mpira. Chini yake palikuwa na mfereji ulioingia ndani ya nyama.

Redio akatukokota sote wawili hadi zahanati. Daktari wa pale alikuwa mzee aliyechoka, naye hakuwa na maneno matamu.

"Nani amekufunga hivi? Hata mbuzi hafungwi hivi."

"Nilijifunga mwenyewe," shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kiliacha kuuma, daktari. Nikajua kimezoea."

"Hapo ndipo mnapopotea. Nipe mkono mwingine." Akagusa kiganja chake kigumu. "Mwili umejengwa kwa seli, ndogo mno, hazionekani kwa macho. Ukizisugua kidogo kidogo, zinajitahidi. Ngozi inajiongeza unene. Hii ndiyo sugu, na huku ndiko kuzoea. Ukizidisha, zinaumia. Panavimba, panauma. Hapo zinakuomba msaada, na ukiondoa kinachozibana, nyingi hupona. Wewe ukakaza mpira. Damu haikufika, na damu ndiyo inayozipelekea hewa na chakula. Zikafa. Seli iliyokufa haiumi, mama. Na haifufuki."

Akanigeukia. "Nani amegundua?"

Shangazi alitazama ukutani. Redio akaninyooshea kidole.

"Angechelewa, tungekata kidole chote," daktari akasema. "Kumbukeni wote watatu: maumivu ni mjumbe. Akinyamaza ghafla, usishangilie. Nenda ukatazame kama bado yu hai."

Ncha ilikatwa hospitalini, mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Sehemu iliyobaki ilianza kupata damu, na ilipopata damu ikaanza kuuma, na shangazi akalia kwa sauti. Daktari alipopita kumwona alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Lia, mama. Kinacholia kina uhai."

Shangazi aliporudi kazini alivaa glavu, na tyubu zote akazitupa jalalani. Lakini ulimi wake haukuvaa glavu. Jioni moja niliunguza kola ya shati la mteja, akanimwagia yote: mzigo, mkosi, mtoto asiye na faida, ndiyo maana baba yako alikukimbia. Nikaendelea kukunja nguo.

Akanitazama. "Zamani nikikugombeza ulikuwa unalia," akasema. "Siku hizi kimya. Afadhali. Umekomaa."

Redio akaacha kukamua. Shangazi naye, kama aliyesikia neno lake mwenyewe likimrudia, akakitazama kile kidole kifupi.

Niliweka shati mezani. 

"Sijakomaa, shangazi," nikasema. "Maneno yako yananiuma. Nakuambia sasa, kabla hayajaacha kuniuma."