Hodi kwenye Seva

Rafiki yetu Mzee wa Nyaya, fundi kompyuta wa hospitali, halipendi neno hodi. Asubuhi moja aliisasisha seva, ikagoma kufanya kazi.

"Kaka, mafaili hayafunguki, na wagonjwa wamejaa," muuguzi alimwambia mlangoni.

"Nivumilie, dada."

Alijaribu kila analolijua, wapi. Taa ya chumba cha seva ilikuwa imeungua, dirisha hakuna. Mwanga ulikuwa wa vijitaa vya seva tu. Alipoishiwa mbinu, akaigonga seva kwa utani.

"Hodi, wenyewe mpo?"

Akachomoa waya wa umeme. Feni zikapunguza mvumo hadi zikanyamaza, likabaki giza totoro.

Ndani ya seva kukagongwa, taratibu.

"Hodi," sauti ikasema.

Kabla hajafikiri, mdomo ulishajibu kwa mazoea.

"Karibu."