Jembe la Ukweni

Gunia la kahawa lilimponyoka Kefa mgongoni likapasukia mbele ya kikapu cha maharage cha Yunisi, katikati ya soko la Tunduma. Ilikuwa mwaka 1953, malori ya kwenda Rhodesia yakiwa yamepanga foleni mpakani, na watu wakipigana vikumbo kutafuta nafasi.

"Kaka, gunia limekushinda, au ndiyo mahari umeniletea?" Yunisi alimwuliza. Alivaa gauni la maua ya buluu na kitambaa chekundu kichwani, na hakuwa mtu wa kungoja kutambulishwa.

"Mahari ya kahawa? Baba yako ataipika na nini?"

"Baba yangu Mnyiha wa kijiji cha Ruanda. Anataka ng'ombe, na mgongo wa kulimia."

Kefa alicheka. Alikuwa utingo wa lori, kijana wa Nanyala, kaptula ya kaki, kofia ya pama aliyoinunua Ndola. Alipopiga magoti kuzoa kahawa alikunja uso. Yunisi akadhani ni haya. Wasichana hudhani mengi.

Tangu hapo kila lori lilipopita, Kefa alishuka na kitu: sabuni, kipande cha muwa, mara moja kitana cha pembe.

"Cha nini hiki?"

"Uchane nywele, mpenzi. Watu wanasema natembea na kichaka."

"Na wewe watu wanasema unatembea kama umemeza mpini."

"Nanyooka kwa ajili yako."

Wakapatana, wazee wakaambiwa. Nyumbani kwa Zebedayo, baba yake Yunisi, kwa desturi mchumba hakupokelewa kwa maneno. Alipaswa kuja na jembe, alime ukanda mmoja peke yake huku wakwe wakitazama, ndipo mahari izungumzwe. Siku ikapangwa. Mama yake Yunisi, Mama Roda, alipika kande, akachuja togwa. Mashangazi walikaa kwenye mawe pembeni mwa shamba, tayari kucheka na kusifu.

Jua likafika utosini. Kefa hakuja.

Alasiri lilipita lori, na dereva wake, Watson, akaita kutoka barabarani bila hata kuzima injini. "Mzee Zebedayo! Kefa anasema amebadili nia. Mnisamehe, mimi nimetumwa tu."

Mashangazi wakakunja kanga zao wakaondoka. Zebedayo alichukua jembe lake ukutani. "Utingo ni utingo," akasema.

"Kula," Mama Roda akamwambia binti yake. "Hakuna aliyekufa."

Yunisi hakula. Asubuhi alichukua kile kitana, akaenda Nanyala kwa miguu, akitunga matusi njia nzima.

Alimkuta Kefa amesimama, ameegemea mwimo wa mlango.

"Ni nani huyo?" Yunisi aliuliza. "Wa Vwawa au wa Ndola?"

"Nani?"

"Mwanamke wako! Umewakalisha shangazi zangu juani kama dengu! Chukua takataka yako!" Akakitupa kitana miguuni pake. "Okota!"

Kefa hakuinama. Alishika mwimo kwa mkono mmoja, mwingine akauweka juu ya paja, akakunja magoti, akajishusha polepole, mgongo umenyooka kama ubao, mpaka vidole vikafika chini. Alipoinuka tena, jasho lilikuwa limemtiririka mpaka kidevuni.

Matusi yote yakampotea Yunisi.

"Tangu lini?"

"Kabla ya lile gunia."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nilikwenda Mbeya, nikapigwa picha ya mifupa. Daktari akaiinua dirishani, akaitazama, akaigeuza. Akasema pana kivuli. Huenda ni kifua kikuu kimeingia kwenye uti wa mgongo. Huenda ni jeraha la zamani. Huenda ni kitu kibaya zaidi. Hajui."

"Kwa hiyo?"

"Anataka niende Ndola, kwenye mashine kubwa, nipigwe upya na kupimwa. Sitaki. Na nilifikiri... afadhali mnione mhuni kuliko kuniona nimelala kwenye shamba la baba yako."

"Mhuni ningekusahau kwa msimu mmoja."

"Ndicho nilichotaka, mama."

Yunisi alikaa kizingitini. Hakulia. "Hajui si jibu, Kefa. Utakwenda."

"Na wakijua, halafu ikawa mbaya?"

"Utakwenda."

Watson alikubali kumchukua. Lakini lori lilipopakiwa Tunduma, wiki iliyofuata, Kefa hakuweza tena kupanda mwenyewe. Matingo wenzake walimwinua, wakamlaza chali juu ya magunia ya kahawa, kichwa kuelekea kwa dereva, miguu ikining'inia nyuma. Hawakufanya mzaha hata mmoja, na hilo lilimtisha Yunisi kuliko kitu chochote.

Alisimama nyuma ya lori, gauni lile lile la maua ya buluu.

"Yunisi wangu, upo?"

"Nipo."

"Nikirudi natembea, nitamlimia baba yako kanda mbili."

"Ukirudi umebebwa nitalima mimi. Wacheke wakipenda."

"Na nisiporudi?"

Mwanamke mwingine angeapa. Yunisi alifikiri kwanza. "Nitakungoja mavuno mawili. Halafu nitaolewa. Sitakudanganya."

Kefa alicheka mpaka maumivu yakamkata kicheko. "Ndiyo maana nakupenda. Kitana kiko hapa, ndani ya kofia. Nitakurudishia mwenyewe."

"Kirudi na meno yote."

Watson akawasha injini. Magunia yakaanza kutetemeka.

"Mbona umesimama mbali hivyo?" Kefa aliita, macho yake juu mawinguni. "Nishike basi, hata kidogo, kabla hatujaondoka."

Yunisi alitazama mikono yake. Tangu walipomlaza pale alikuwa ameushika mguu wa kulia wa Kefa kwa mikono miwili, akiubana kwa nguvu zake zote.

Akaubana tena, kwa kucha. Mguu haukushtuka.

"Yunisi?"

"Nakuja," akasema. Akauachia mguu, akazunguka mbio ubavuni mwa lori, akapanda juu ya gurudumu, akamshika bega.

"Hapo sawa," Kefa akasema, akafumba macho.

Yunisi hakumwambia.