Vyuma Vilivyopoa Polepole

Pikipiki ya Honda ya Naheed Cheema iliruka tuta, ikatua, ikaongeza kasi.

Mbele yake gari dogo la Suzuki lilikimbilia uwanja wa ndege wa Sialkot. Lilibeba kreti la vyuma vya kuungia mifupa, vya kuwekwa miguuni mwa watoto katika hospitali moja ya ng'ambo. Dereva, Tauqeer Ghumman, fundi wa tanuru, alikuwa amehongwa na majasusi wa kigeni. Walitaka vyuma viliwe na kutu mwilini, ili wanunuzi waukimbie mji huu wa wahunzi.

Redio ilikoroma sikioni. Kanali Sarfraz, mkuu wake katika kikosi cha kuwasaka majasusi.

"Cheema, rudi. Kiwandani wamepima kwa sumaku, haikushika. Mzigo safi."

"Sirudi, bosi."

"Hiyo ni amri."

"Nimeisikia."

Akaizima.

Hapo ndipo mji mzima ulipokosea. Sialkot sumaku ndiyo hakimu: isiposhika, chuma ni kizuri. Lakini Ghumman hakubadilisha chuma. Alibadilisha namna ya kukipoza. Chuma hiki kilichotiwa naitrojeni hutolewa tanuruni kikiwa kinawaka, kikatumbukizwa majini papo hapo. Yeye alikiacha kipoe polepole ndani ya tanuru. Naitrojeni ikapata nafasi ya kuinasa kromi, ile inayozuia kutu, kwenye mipaka ya punje ndogondogo zinazokiunda chuma. Kando ya mipaka hiyo kinga ikaisha.

Sumaku haioni hilo.

Kwenye kizuizi cha polisi, Naheed alilipita gari na kuliziba njia. Ghumman akashuka akitabasamu.

"Dada yangu, hiyo ni njaa tu. Twende nikununulie biriani, hasira zitashuka. Sajenti, mwonyeshe sumaku, huyu haamini mpaka aone."

Polisi wakacheka.

Naheed hakucheka. Alitoa kopo la asidi, betri na hadubini ya mfukoni. Akachukua chuma kimoja, akakizamisha, akapitisha umeme. Kisha akakisuuza na kumpa sajenti hadubini.

"Angalia mwenyewe, kaka."

Sajenti aliinama. Akakawia.

"Kuna mitaro. Imezunguka kila punje."

"Kutu itapita humo. Ndani ya mguu wa mtoto."

Mkono wa Ghumman ulienda kiunoni. Bastola ya Naheed, Glock, ilikuwa tayari imemlenga kifuani.

"Jaribu."

Hakujaribu.

Akifungwa pingu, aliteta kwamba hata hivyo mzigo umekufa na mji umeumbuka.

"Umekosea," Naheed alisema. "Vinarudi tanuruni leo. Vitachomwa mpaka kromi iachiwe, vitumbukizwe majini, ving'arishwe, vipimwe kwa asidi. Watoto watatembea."

Sajenti akauliza, kwa sauti ya chini, amwambie nini Kanali Sarfraz akipiga simu.

"Mwambie nilikataa. Na kesho nitakataa tena."

Akavaa helmeti, akapiga kiki, akaondoka taratibu kama mtu anayekwenda kununua mkate.